Muuza tambi aliyemkemea mtawa

Saa kumi na mbili asubuhi, Sreng Kimhuoy anakandamiza donge la unga wa mchele kwenye kopo lenye matundu. Tambi zinadondokea kwenye maji yanayochemka. Anaziopoa, anazisuuza, anazipanga mafungu madogo juu ya jani la mgomba. Kando ya sufuria ya mchuzi wa samaki kuna ndoo ya plastiki ya michango yenye picha ya mtawa wa Kibuddha.

"Mama, leo mchuzi una samaki, au nao umewachangisha?" anatania Voeun, dereva wa bodaboda.

"Kula unyamaze. Domo lako nalo nitalitoza."

Voeun anacheka, anatumbukiza noti ya rieli elfu mbili ndooni.

Kimhuoy, 47, anauza tambi katika soko hili la pembeni mwa mji wa Kampong Thom. Siku ikiwa nzuri, hubakiwa na faida ya rieli elfu arobaini, kama dola kumi. Mwaka jana alianza kuchangisha dola elfu nne za upasuaji wa moyo wa mtawa Chhim Borith, 61, aliyeanguka barabarani akipita kupokea chakula cha asubuhi.

"Mume wangu alipofariki, wakwe walinitoa nyumbani na wanangu wawili," anasema. "Yeye ndiye aliyetufungulia banda la hekalu. Tulikula walichobakiza watawa. Hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini."

Michango ilipotimia, mzee anayesimamia hekalu alimpeleka Borith hospitali mji mkuu, Phnom Penh, na kubeba fedha hizo, kwa kuwa mtawa haruhusiwi kuzishika. Wiki moja baadaye mtawa akarudi na mfuko wa vidonge, kifua hakijaguswa.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelazwa mke wa mfyatua matofali, mjamzito, moyo wake mbovu kuliko wa Borith. Mtawa alimwagiza mzee amlipie mwanamke huyo, na asimwambie mtu.

Sokoni lilijulikana jambo moja tu: hela hazipo.

"Walisema nimezila. Saroeun, muuza samaki, alikuwa akiniita dada. Akaanza kuniita tajiri."

Wateja walipungua nusu. Mzee wa hekalu alipoona Kimhuoy anavyosimangwa, akamweleza ukweli. Kimhuoy akaenda hekaluni, akapiga magoti, akainamisha kichwa hadi sakafuni, kisha akasema:

"Baba, zile hela hazikuwa zako kuzigawa. Watu walizitoa kwa ajili yako."

"Yule mama angekufa, binti yangu."

"Najua. Ungeniambia. Mimi natukanwa, wewe umekaa kimya."

Anasema hakuwa amewahi kusikia mtu akimkemea mtawa.

"Kweli nimekukosea," akasema Borith.

Kesho yake alipita sokoni akihema, akasimama kila meza na kueleza alichofanya. Wengine walilia. Saroeun hakulia, wala hajachangia tena.

"Mimi natoa mara moja," anasema, akiparua magamba. "Lakini kumwita tajiri nimeacha."

Mwanamke yule amejifungua mtoto wa kike. Michango mipya nayo imekaribia kutosha, na upasuaji umepangwa baada ya mafungo ya masika, miezi mitatu ya watawa kutolala nje ya hekalu, ambayo Borith amekataa kuyakatiza.

Kimhuoy atafunga biashara ampeleke.

"Safari hii nalipa mwenyewe dirishani. Nimemwambia, Baba, ukiona mgonjwa mwingine huko, fumba macho."

Mtawa alijibuje?

"Alicheka tu," anasema, akikoroga mchuzi. "Hicho kicheko ndicho kinachonitia wasiwasi."