Kufuli Ilikuwa kwa Nje

Rafiki yangu alikufa akiwa na yunifomu ya shule, mkono wake umeshika wangu, na mlango wa mabati umefungwa kwa nje.

Juzi hapa Kawangware jirani alichoma nyaya ili apate shaba. Ule moshi mweusi, mchungu, ulinirudisha Kibera, kwenye kibanda cha gemu za video. Mwenye kibanda alikuwa na ujanja wake: saa za shule anatuingiza, kisha anapiga kufuli kwa nje, mwalimu akipita aone pamefungwa. Ndani tulibanana kwenye benchi, jasho na harufu ya soksi, tukibishania gemu za bunduki.

"Hiyo yako ni ya watoto," rafiki yangu aliniambia. "Unapigwa risasi na bado unatembea!"

"Na yako je? Askari anakimbia kama amebeba mtungi wa maji!"

Tukacheka. Kisha waya wa stima, umeme wa kuiba, ambao mwenye ploti aliyepangisha vibanda aliujua akanyamaza, ukashika moto juu yetu. Tulipiga mabati mpaka vidole vikatoka damu. Majirani walipovunja ukuta, walinivuta mimi kwanza.

Watu husema tulitoroka shule, tulijitakia. Haya. Lakini wewe mwenye kibanda, leo una duka Riruta na unaitwa mzee wa kanisa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako. Majirani walikuona uliposikia mayowe ukakimbilia upande wa mtaa wa Ayany. Mama ya rafiki yangu bado yuko hai. Nenda ukamjibu.