Meno ya Nailoni

Kabla ya kusimulia habari ya mtoto, niseme kidogo kuhusu shati. Ruksa ya bidhaa za nje ilipoingia na maduka yakajaa vitu, nilishusha ndizi zangu Morogoro mjini nikarudi mlimani na shati la nailoni. Jua likiwaka linaninata mgongoni, na nikalivaa hivyo hivyo. Shule niliishia darasa la pili, basi shati ndilo lilikuwa cheti changu.

Miaka hiyo hiyo watu wakaanza kusema meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha na mwili ukichemka, wanamfunua kinywa. Wakiona fizi zimevimba nyeupe, basi ni hayo, yamekuja na vitu vya ruksa, yasipong'olewa yanaua. Niliamini. Nailoni niliijua, si nilikuwa nimeivaa?

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi mitano alipoanza kuharisha. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akisema amesema. Dada alitaka kumshusha zahanati. Nikamwambia kule hawayajui haya, watamchoma sindano tu afe. Akafungua mbeleko. Nikamwita mama mmoja wa ng'ambo ya mto, fundi wa kung'oa.

Alikuja na spoki ya baiskeli iliyonolewa. Aliyeshika kichwa ni mimi. Kilienea viganjani mwangu, cha moto. Fundi akachokoa juu na chini, huku na huku, akanionyesha vitu vinne vidogo, vyeupe, laini.

"Umeyaona mwenyewe," akasema. Nikayafunga kwenye kitambaa.

Kesho yake mtoto hakuweza kunyonya. Mdomo umevimba, kuharisha kuko palepale, macho yameingia ndani. Dada hakuniuliza tena. Alimfunga mgongoni akaanza kuteremka, mimi nyuma yake.

Nesi alikuwa binti mdogo, akaniamkia vizuri. Nikamfungulia kile kitambaa, ajue kazi imeshafanyika, imebaki dawa tu. Akayageuza kwa kidole.

"Mzee, haya ni meno yake," akasema. "Yalikuwa hayajakomaa, kama mahindi yenye maziwa. Mmemchimbua."

Nikakaa chini, palepale sakafuni. Mahindi nayajua tangu utoto. Kitu nilichokuwa nakiita nailoni kilikuwa kiganjani, nami sikukitambua.

Nesi hakunigombeza. Alichanganya pakiti ya chumvi na sukari kwenye maji yaliyochemshwa, akamwonyesha dada kumnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, na kumkamulia maziwa mpaka aweze kunyonya. Alisema kinachomuua mtoto anayeharisha ni kukaukiwa maji, si meno. Kidonda akakichomea sindano, ile ile niliyoiogopa. Tulilala pale siku tatu. Ya nne akanyonya.

Meno ya mbele yaliota. Chonge hazikuota, hata za ukubwani. Akakua binti anayecheka kwa kufunika mdomo, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Mwaka juzi alikuja kunisalimia na mwanawe, naye anaharisha. Nimempakata, bibi jirani akamfunua fizi akaanza: nailoni hii. Ikabidi niseme yote.

"Mjomba," akauliza, "aliyenishika kichwa alikuwa nani?"

"Mimi."

Alimchukua mtoto mapajani mwangu, akamfunga mgongoni, akashika njia ya zahanati. Safari hii sikuthubutu kumfuata.