Dagaa wa Mchanga

Harufu ya dagaa wakikaangwa kwa mawese hunirudisha nyumbani kwetu Ujiji. Jirani mmoja mjane, aliyesali na mama kanisa moja, alikuwa akituletea dagaa kila Jumamosi. Aliwaanika chini ufukweni, si kwenye chanja, kwa hiyo walijaa mchanga.

"Watamu kweli, dada!" mama alimsifu. Akishaondoka, tulikuwa tukiwamwagia bata dagaa hao.

Siku moja jirani huyo akaniuliza, "Mwanangu, mnawapenda dagaa wangu?"

"Mama huwapa bata."

Jumapili ile kanisani alikaa benchi la nyuma, peke yake. Hakuja tena kwetu. Mama hakunichapa. Alisema tu, "Ningemwambia mapema, tungejenga chanja pamoja."

Leo nakula dagaa peke yangu. Nimeuma mchanga, na sijautema.