Kombe la Gachau

Bahari hufika Thika kwa lori, ndani ya magunia, ikiwa imekauka na inanuka. Hushushwa nyuma ya kiwanda cha chakula cha mifugo, kwa sababu kuku wa mayai wakikosa chokaa hutaga mayai yenye ganda laini kama ngozi, na makombe ya baharini yamejaa chokaa. Husagwa, yakachanganywa na mahindi na dagaa wa omena. Wafugaji wa Gatuanyaga na Ruiru hununua, na hakuna anayeuliza lile vumbi jeupe liliwahi kuwa nyumba ya nani.

Mumbi aliijua harufu hiyo kabla ya kuijua kazi yenyewe. Mumewe, Gachau, aliileta nyumbani Makongeni ndani ya nguo zake miaka yote aliyoilisha mashine ya kusaga. Siku yake ya kwanza kazini alikuta kombe moja lililosokotwa kama kilemba, la rangi ya chungwa, lenye ukubwa wa yai, akashindwa kulitupa kwenye mashine. Akaliweka dirishani kwake. Alipokuwa akipaka dirisha rangi, tone la buluu liliangukia mdomo wa kombe, naye hakulifuta. Alizoea kusema kwamba akistaafu watashuka pwani, yeye na Mumbi, walirudishe lilikotoka. Mumbi alimcheka, mtu ambaye hajawahi hata kuiona bahari, hadi vumbi lilipomwingia Gachau kifuani likakataa kutoka. Matangani, kiwanda kilileta unga na sukari, na mwakilishi wake akanong'ona kwamba huenda kilichomuua ni sigara. Gachau hakuwahi kuvuta sigara. Haukupita muda, Mumbi akaajiriwa pale pale, kuchekecha makombe. Alifunga leso mdomoni akaanza, kwa kuwa watoto hawakuwa wameacha kula.

Ndiyo maana Rachael, dada ya Gachau anayeishi Ruiru, alipowapangia akina mama wa kikundi chao safari ya pwani, Mumbi alikuwa wa kwanza kukubali. Sababu hakumwambia mtu. Rachael ana moyo mzuri na mdomo usiofungika. Angelisikia habari ya kombe, angeliifanyia maombi, nyimbo na picha za simu. Mumbi alitaka iwe yake na Gachau tu.

Asubuhi ya pili huko pwani maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali, mwamba ukabaki wazi. Akina mama walijaza chupa maji ya chumvi ya kwenda kukanda miguu inayouma. Walimwokota kiti cha pweza, yule mnyama mwenye mikono mitano kama nyota, wakawa wanapokezana kupigwa naye picha mpaka akakauka mikononi mwao. Wakamrudisha majini wakidhani yuko sawa.

Mumbi alikwenda peke yake kwenye vidimbwi vya mwamba. Aliona samaki wembamba kama sindano, na jongoo bahari waliolala kama soksi zilizosahauliwa. Kisha akaona kifuniko cha chupa ya soda kikitembea. Chini yake mlikuwa na kaa mdogo, sehemu yake ya nyuma imejikunja ndani ya plastiki, nusu iko nje.

Mama mmoja wa pale, aliyekuwa akitafuta pweza kwa chuma, alisimama kutazama pamoja naye.

"Huyo kakosa nyumba," alisema. "Huku nyuma ni laini kama ulimi, hana gamba. Huingia kombe aliloliacha mwenziwe aliyekufa. Na makombe yenyewe kila siku yapakiwa kwenye magunia, yapelekwa bara."

"Kufanya nini?"

"Mie nitajuaje? Nyie wa bara ndio mjue."

Alicheka, akaendelea na pweza wake. Mumbi, ambaye alijua, aliangalia miguu yake.

Akalitoa kombe la Gachau kwenye kitambaa alicholifungia tangu Thika, akaliweka ndani ya kidimbwi. Kaa alilijia polepole. Alilipapasa kwa masharubu, akapima mdomo wa kombe kwa gando, akaligeuza upande wa pili kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Halafu ghafla akachomoka kwenye plastiki, uchi, akaingia. Alipoanza kutembea, lile tone la buluu lilitangulia mbele.

"Haya, umefika," Mumbi alimwambia mumewe kwa Kikuyu, sauti ya chini. Alikiokota kile kifuniko, akarudi kwa wenzake akijihisi mwepesi kuliko alivyokuwa tangu mazishi.

Baada ya kurudi Thika, Jumapili moja, Rachael alimwita Ruiru kwa chai. Mumbi alipofika aliikuta nyumba inanuka dawa ya maua, na chini ya hiyo dawa kulikuwa na harufu nyingine aliyoijua vizuri kabisa. Rachael akafungua kabati la vioo.

"Nimekuwekea zawadi. Nililipata pale kwa mawe ulikokuwa umekaa, ukishatoka. Nimeliosha na sabuni na bado linanuka, lakini ukiweka juani litaisha."

Mumbi alilipokea. Tone la buluu lilikuwa mahali pake.

"Lilikuwa tupu?"

"Tupu wapi! Lilikuwa linatembea, wifi, na miguu yake. Nikaliwahi kabla halijashuka kwa maji. Kwa mfuko lilikunakuna mpaka Voi, likanyamaza." Rachael alifuta macho. "Niliona hili, nikamkumbuka ndugu yangu. Angelipenda, ama?"

Mumbi angeweza kumwambia. Lakini mtu angemwambia nini mwanamke anayelia kwa upendo, na kosa la kuificha siri lilikuwa la Mumbi mwenyewe?

"Angelipenda," alisema, na akanywa chai yake yote.

Jumatatu alilibeba kazini. Kinyanjui, aliyechukua nafasi ya Gachau kwenye mashine, alilitambua alipomwona ameliinua juu ya mdomo wa kusagia.

"Mama, hilo si la mzee? Si lilikuwa dirishani kwenu?"

"Ni kombe tu," alisema Mumbi. "Washa."

Aliliachia. Lililia mara moja tu kwenye vyuma. Mumbi akapandisha leso yake, akakohoa, akaburuta gunia lililofuata.