Kusimama Siku ya Mfalme

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Meneja alinitazama mikono kabla ya uso. Ilikuwa miaka ya thelathini, katika shamba moja la chai karibu na Litein, nami nimetoka kando ya ziwa na blanketi moja tu. Akanipeleka orofani kiwandani, kwenye kunyausha majani ya chai.

Ninyi vijana mnajua mashine. Sisi tulitandaza majani mabichi juu ya vitanda vya gunia mpaka upepo ukayalegeza. Mimi niliyapima kwa kiganja: nikifinya donge, likafunguka polepole na kikonyo kisivunjike, basi yako tayari kusokotwa. Yakichelewa yanakauka, chai inaharibika. Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini, na kusema kweli ilinichosha.

Kila mwaka tulisherehekea siku ya kuzaliwa kwa Mfalme wa Waingereza. Bendera ilipandishwa mbele ya kiwanda, tukagawiwa sukari na nyama, tukashindana kuvuta kamba. Sitawadanganya, nyama tuliipenda.

Mwaka wangu wa tatu, asubuhi ya sikukuu hiyo, binamu yangu Odongo alifika miguu imejaa vumbi.

"Mama yako ametuacha jana," akasema. "Wanazika leo jioni. Tukitoka saa hii tutafika."

Nilikuwa mtoto wake wa pekee. Nyapara wetu, arap Koech, mtu wa huruma, alinipeleka mwenyewe kwa Bwana Meneja, tukamkuta akifunga vifungo vya koti lake jeupe.

"Pole," akasema kwa Kiswahili chake. "Lakini leo siku ya Mfalme. Kila mtu nasimama. Wewe nakwenda kesho."

"Bwana, kesho atakuwa ameshazikwa."

"Kesho."

Huko nje nyapara alinishika bega. "Usitoroke, kijana wangu. Watakushika kabla hujafika Sondu." Alisema kweli. Kuondoka bila ruhusa kulikuwa jela, na kipande, kile cheti tulichovaa shingoni, kikichafuliwa kwa neno baya la mwajiri hupati kazi popote. Odongo akarudi peke yake.

Nikasimama. Nikavua kofia. Walipoita huree mara tatu, niliitika zote tatu, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu niliogopa. Sijafanya jambo lililoniuma zaidi ya hilo.

Uhuru ulinikuta bado orofani, na baadaye nikastaafu. Sasa wajukuu huniuliza kwa nini Siku ya Jamhuri siendi uwanjani kusikiliza hotuba. Siichukii sherehe, ila nimechoka kupangwa mstari. Kwangu maana ya siku hiyo ni kwamba naamka, nafunga mlango, naenda nyumbani kwetu kando ya ziwa bila kumwomba mtu ruhusa. Nafika na jembe, napalilia kaburi la mama. Jioni, saa ile waliyomfukia, naketi kando yake na kumwomba msamaha.