Vigae vya Pazi Kungulio

Mwamvita wa Chole, kule Kisarawe, ana mdomo, na hilo hata mwenyewe halikatai. Miaka thelathini anafagia kaburi la babu wa babu yake, Pazi Kungulio, mtawala aliyepigwa na watu wa msafara wa Kinyamwezi pale bondeni, hatua chache tu kutoka alipolazwa. Lakini neno "alipigwa" hujalisikia kinywani mwake. Mgeni akiuliza vita viliishaje, hujibiwa kwamba Pazi alichoka, akaenda kupumzika. Kupumzika, na mkuki mgongoni!

Mwaka huu wapimaji wa ardhi wakaja, wakachomeka vigingi vya viwanja mpaka ubavuni mwa kaburi. Mwamvita alihangaika ofisi hadi ofisi, viatu vikamwishia visigino, mpaka akaahidiwa kuletewa mtaalamu wa mambo ya kale. Akiridhika kwamba kaburi ni la zamani kweli, eneo litaachwa. Asiporidhika, ndiyo basi tena, watu watajenga.

Sasa sikia alichofanya. Aliona haya mzee wake akutwe na mgeni wa serikali akiwa na mawe yaliyokaa shaghalabaghala. Akamwita mpwa wake, fundi Bilali, wakaliziba kaburi lote kwa saruji na kulibandika vigae vyeupe vyenye maua ya buluu. Siku ile alilala na furaha kama bibi harusi.

Mtaalamu mwenyewe, Elinipa, binti mpole mwenye miwani, alilizunguka kaburi mara mbili, akavua miwani, akaivaa tena. "Mama, mbona hili ni la juzi?" Akaeleza taratibu kwamba bila kuyaona mawe yenyewe hawezi kuandika kitu. Mwamvita akamgeukia Bilali. Vigae vingebanduliwa, sawa, lakini na nani? Mtu wa ukoo hainui nyundo juu ya kaburi la mzee wake. Bilali alishaiweka yake chini na kurudi nyuma.

Mwenye ruhusa ni mtani peke yake, na mtani ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye bodaboda. Ponsiano, Mnyamwezi mfugaji wa Magindu, Kibaha, kila mwaka huja kumzomea Pazi na kuondoka na kuku, na hakuna wa kumkasirikia, kwa kuwa utani ni haki yake. Alipoviona vigae alicheka mpaka akakaa chini. Alisema Pazi aliwakimbia babu zake vitani, na leo kawakimbia tena, kajificha bafuni. Kuvunja atavunja, ila kwanza Mwamvita aseme vita viliishaje.

Mwamvita akamtazama, kisha akavitazama vigingi. Hasira zilimpanda, machozi yakamlenga, na kicheko nacho kilikuwa humohumo.

"Alishindwa," alisema. "Mlimpiga. Haya, vunja."

Ponsiano akavunja, kigae kimoja kimoja, kwa upole ambao hakuna aliyeutarajia, akipuliza vumbi kwa mdomo. Bahati nzuri Bilali alikuwa ameibania saruji, akazidisha mchanga, kwa hiyo iliachia yenyewe. Mawe yakatokeza, meusi, ya kale, na bakuli la kauri lililopachikwa upande wa kichwani. Elinipa akapiga magoti, akapiga picha, akaandika kurasa tatu. Kabla ya kuondoka aliwaambia wazi kwamba eneo halitagawiwa, na vigingi vitang'olewa.

Jamaa wakatandika mkeka kando ya kaburi, kama msibani. Mwamvita akamwambia Ponsiano mwakani asijisumbue kuja, maana alichokitafuta miaka yote ameshakipata.

"Nisije?" Ponsiano alikuwa bado na nyundo mkononi, na safari hii hakucheka. "Dada, nimesikia habari za vigingi jana, nimetoka Magindu alfajiri. Hata ungenitukana ningevunja. Wakijenga hapa, mimi nitakuwa nimemshinda nani?"

Mwamvita akamwita tapeli mkubwa. Halafu akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka, upande wa wafiwa.