Rasi ya Lambo Letu

Kaa hapa, rafiki yangu, nikueleze neno moja la Kiingereza. Si gumu, usiogope. Juzi binti yangu, aliyeanza kidato cha kwanza mwaka huu, alirudi na daftari la jiografia akaniuliza, "Mama, headland ni nini?" Nilikuwa nasonga ugali. Niliepua sufuria ugali ukiwa bado mbichi, nikaketi. Neno hilo nililikariri nikiwa na umri wake, na dada yangu, ambaye lingemwokoa, sikumweleza.

Nilileta karai la maji, nikatumbukiza ngumi. "Tazama," nikamwambia. "Ngumi ni nchi kavu iliyojitokeza majini. Maji yako huku, huku na kule mbele. Ni nyuma tu ndiko imeshikamana na nchi nyingine." Kwa Kiswahili tunasema rasi. Waingereza wana pia neno cape, ambalo mara nyingi utalikuta kwenye ramani, kwenye majina ya rasi kubwa. Headland hulisema zaidi pale nchi ilipoinuka, kisha ikakatika ghafla kwa ukingo wima. Mawimbi huipiga kutoka pande zote tatu, na huanza kuila chini. Juu unaona majani yameota vizuri, unasimama bila wasiwasi, kumbe chini pameshakuwa tupu.

Binti yangu aliandika. Mimi kwa mawazo nilikuwa nimeshafika Ihumwa, Dodoma.

Tulilelewa na bibi nje kidogo ya Ihumwa, mimi na dada, aliyenizidi miaka mitatu. Nyumba yetu ilikuwa ya tembe, paa la udongo, na ndani ilinuka moshi na uwele uliosagwa. Treni ikipita, vikombe vilitetemeka kwenye kichanja. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda, na dada ndiye aliyeupika, kwa sababu alimaliza darasa la saba na kubaki nyumbani. Bibi alisema miguu yake haiwezi tena safari ya kuchota maji, na mmoja wetu lazima asome. Nilisoma mimi.

Maji tulichota kwenye lambo lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Wachimbaji waliacha ulimi wa udongo mwekundu ulioingia hadi katikati, ndiyo njia waliyopita wakibeba udongo. Pembeni kote ng'ombe walikanyaga na kukojoa, maji yakawa uji wa matope. Lakini kule kwenye ncha ya ulimi ng'ombe hawakufika, maana wanawake walikuwa wameziba njia kwa miiba. Kulikuwa na maji maangavu, tena ya kina, ndoo unaizamisha mara moja tu. Tuliyaita maji ya chai. Msichana aliyerudi na maji ya ng'ombe alichekwa kuwa ni mvivu. Baada ya masika, upepo wetu wa Dodoma ulipoanza, lambo lilipiga vijiwimbi mchana kutwa. Sauti yake ilikuwa kama ng'ombe anayelamba chumvi. Mimi niliipenda.

Mwalimu wa jiografia alitufundisha rasi nilipokuwa kidato cha kwanza. Alifundisha kwa Kiingereza, na sisi tulinakili. Alichora ubaoni nchi iliyoning'inia, na chini yake pango lililochimbwa na mawimbi. Nilichora vizuri kuliko wote. Kwenye jaribio niliuchora tena mchoro ule, nikapata zote, nikakimbia nyumbani na karatasi.

Dada alikuwa anachambua mlenda. "Haya, msomi, nisomee na mimi."

Nikasoma kwa sauti, Kiingereza kitupu, shingo nimeinua.

"Mbukwa mzungu!" akacheka, akiniamkia kwa Kigogo kama mgeni aliyeshuka kwenye treni. "Sasa maana yake?"

"Ni mambo ya baharini. Hayakuhusu."

"Bahari! Sisi tunaoga vumbi, wao wanakufundisha bahari." Kisha akaivuta karatasi, akautazama mchoro kwa muda. "Lakini hii mbona kama..."

"Nipe, utaichafua," nikasema, nikamnyang'anya.

Hakuimaliza sentensi ile.

Jumamosi asubuhi tulikwenda lamboni pamoja. Dada aliweka ngata pembeni, akapita kwenye miiba, akapiga magoti nchani kama siku zote. Mimi nilikuwa nyuma, nafunga kanga. Ndoo ilijaa, akaivuta, na ardhi ikaondoka. Hakukuwa na kelele kubwa, ilikuwa kama mtu amemwaga gunia la karanga. Niliona kipande chote kimegeuka, majani yakiwa chini na udongo mbichi juu, naye yuko chini ya udongo. Jirani yetu aliyekuwa akinywesha ng'ombe alijitupa majini na fimbo yake mkononi. Alimtoa, lakini muda ulikuwa umeshapita.

Msibani jirani yule alirudia neno moja kwa kila aliyekuja kutupa pole: "Kumbe chini kulikuwa tupu. Nani angejua?" Nilikuwa nimeketi mkekani pembeni ya bibi, na nilijua. Bibi alinishika mkono, akasema nisilie sana, nina shule Jumatatu. Alifariki miaka mingi baadaye kabla sijamwambia.

Siku hizi ukienda utakuta lambo limefukiwa. Kuna nyumba za bati za rangi, na watu waliohamia kutoka Nzuguni na Makole wasiojua kwamba hapo palikuwa na maji. Tembe ya bibi haipo. Simkuti mtu wa kumwonyesha mahali alipopiga magoti dada, na mara nyingine mimi mwenyewe napakosea.

Lakini malambo bado yako, ukitoka mjini kidogo tu, na wasichana bado wanachagua maji maangavu. Kwa hiyo ukienda kuchota, usisimame kwenye ncha wala juu ya ukingo uliokatika wima. Zunguka hadi upande wa mteremko, pale unapoona kwa macho yako ardhi ikishuka polepole hadi majini, uchote hayo hayo ya matope. Ukifika nyumbani, funika ndoo, yaache yatulie hadi asubuhi, uyachuje kwa kitambaa safi, kisha uyachemshe.